Fizi, Moyo na Mfuko wa Chama

Maneno ya Kamati ya Fedha katika mkutano mkuu wa mwaka na harambee ya chama



Tunajua kwamba Kamati ya Fedha ikisimama, kila mtu hushika mfuko wake. Sifa ya Mpare na shilingi yake inajulikana nchi nzima, na sisi tunaoshika vitabu vya chama hatuwezi kuikana. Lakini leo tunawaomba mshike midomo kwanza. Mifuko tutaifikia baadaye.

Hesabu za mwaka ziko kwenye kurasa za nyuma za kabrasha hili. Zimekaguliwa, na mwenye swali atauliza. Hatutazisoma zote. Tumeomba nafasi hii ili tusome mstari mmoja tu wa matumizi, ule wa "Mazishi na usafirishaji", na ndani ya mstari huo tutaje malipo ya mara moja: Sh 2,640,000, mwezi wa Julai.

Wengi wenu mnakumbuka fedha hizo zilikuwa za nani. Familia imeturuhusu tuseme habari zake bila kutaja jina. Alikuwa kijana wetu wa miaka 31, mkulima wa tangawizi na fundi wa kujenga. Madarasa mawili ya shule yetu ya msingi, yale tuliyoyamalizia kwa msaragambo, kuta zake ni kazi ya mikono yake. Siku ile tulichangishana kwa simu, na jioni mbili tu zilitosha. Hakuna aliyeuliza katiba inasemaje. Jeneza, gari, chakula cha waombolezaji, vyote vilipatikana. Tulijisifu kwamba chama chetu ni imara.

Sasa tusome kumbukumbu nyingine, za kikao cha kamati cha mwezi wa Machi, miezi minne kabla ya msiba. Ajenda ya sita ilikuwa barua iliyoletwa na katibu wa tawi la nyumbani. Kijana huyo huyo alikuwa anaomba Sh 80,000 za nauli ya kushuka Same na za matibabu ya meno. Aliandika kwamba fizi zake zinatoka damu kwa muda mrefu, meno mawili yanacheza, na siku za karibuni anapata homa za jioni na kuchoka. Mmoja wetu alitania kwamba chama hakiwezi kuanza kununulia watu miswaki. Tulicheka. Kisha tukaandika hivi: "Ombi halimo katika makundi ya misaada kwa mujibu wa katiba. Liahirishwe."

Tulikuwa sahihi. Katiba yetu inatambua msiba, kulazwa hospitali na ada ya mtoto yatima. Haitambui fizi. Mtunza vitabu yeyote angetupa alama zote. Lakini gawanyeni wenyewe: Sh 2,640,000 kwa Sh 80,000. Tulilipa mara 33 ya kile tulichokataa kulipa.

Hatusemi kwamba Sh 80,000 zingemwokoa. Inawezekana homa zile za Machi tayari zilikuwa ugonjwa wenyewe umeshaingia. Tunachosema ni kwamba zingemfikisha mbele ya mtu ambaye angemfungua mdomo, akamuuliza habari za homa, na pengine akamwelekeza kwa daktari wa kumsikiliza moyo. Badala yake alimeza dawa za malaria, kisha za taifodi, kisha tena za malaria. Mwezi wa Juni alipofikishwa hospitali ya rufaa, ndipo moyo wake uliposikilizwa na kupimwa.

Alichotueleza daktari

Baada ya mazishi, wawili wetu tulirudi hospitali pamoja na baba yake mdogo. Tulitaka kuelewa, maana nyumbani maneno yalikuwa mengi, na wengine walishaanza kutaja majina ya majirani. Daktari alitueleza kwa subira, nasi tunawaeleza kama tulivyoelewa.

Alipokuwa mtoto, kijana wetu aliwahi kuumwa koo, na baadaye viungo vikamvimba na kumuuma. Mama yake anakumbuka. Koo lile lilikuwa na bakteria ambao penisilini huwamaliza, lakini halikutibiwa sawasawa. Kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili inayopambana na bakteria hao hugeuka na kuushambulia moyo. Valvu za moyo, ile milango midogo inayofunguka na kufunga damu inapopita, hubaki na makovu. Mtoto hupona, hukua, hulima, hujenga, wala hajui kwamba milango yake ina ufa. Ugonjwa huu wa moyo bado unaumiza vijana wengi wa nchi zetu, wakati katika nchi tajiri umepungua sana.

Sasa tuje kwenye kinywa. Mdomoni mwa kila mtu, hata aliye msafi kuliko wote, wamo bakteria. Wakikaa mdomoni hawana neno. Lakini fizi zikiwa na ugonjwa, ngozi yake huwa na vidonda vidogo visivyoonekana, na bakteria hupenya na kuingia katika damu mtu anapopiga mswaki, hata anapotafuna chakula. Moyo ukiwa mzima, damu huwasafisha mara moja. Ukiwa na valvu zenye makovu, wanaweza kujishikiza pale, wakazaliana na kuila valvu polepole. Mgonjwa hupata homa zisizoisha, uchovu, kukonda na kupumua kwa shida. Tiba yake si vidonge vya siku tano. Kwa kawaida ni sindano za antibiotiki za wiki nne hadi sita, na wengine huhitaji upasuaji.

Bakteria waliopatikana katika damu ya kijana wetu walikuwa wa aina inayoishi mdomoni. Tulimuuliza daktari moja kwa moja: fizi ndizo zilizomuua? Alisema hawezi kuapa ni siku gani wala jino lipi. Alisema kinywa ndicho mlango unaoelekea zaidi kuwa walipitia, na kwamba mwenye valvu mbovu anapaswa kutunza kinywa chake kuliko mtu mwingine yeyote. Hilo, alisema, halina ubishi kati ya madaktari.

Na mshtuko wa moyo je?

Tulipoanza kuulizia habari hizi, wanachama wengi walituletea jambo lingine. Walisikia kwamba ugonjwa wa fizi huleta pia mshtuko wa moyo na kiharusi, yale yanayowaangusha wazee wetu, na siku hizi hata wenzetu wa rika letu hapa mjini. Tumesoma, tumeuliza, na tunapenda kuwa waangalifu, kwa sababu fedha za watu haziombwi kwa kutia chumvi.

Mwaka 1989 watafiti wa Ufini walilinganisha wagonjwa waliopata mshtuko wa moyo na watu wengine wa eneo lile lile wasiokuwa nao. Waligundua kwamba wagonjwa wa moyo walikuwa na vinywa vibovu zaidi, hata baada ya kuzingatia umri, sigara na mambo mengine. Tangu hapo tafiti nyingi za nchi mbalimbali zimeonyesha mwelekeo huo huo. Zipo pia sababu za kuaminika. Fizi zenye ugonjwa wa muda mrefu ni kama moto wa pumba, hauonekani lakini hauzimiki, na joto lake huenea mwili mzima kupitia damu. Mishipa inayolisha moyo huharibika kwa moto wa namna hiyo hiyo. Tena chembe za bakteria wa fizi zimekutwa ndani ya mafuta yanayoganda katika kuta za mishipa.

Lakini ngojeni kidogo. Sisi wa vitabu tunajua kwamba mistari miwili kupanda pamoja si ushahidi kwamba mmoja ndio unaoupandisha mwingine. Mwaka ambao tangawizi inapata bei nzuri, michango ya chama huongezeka, na harusi nazo huongezeka. Asitokee mtu akasema tuozeshe vijana wengi zaidi ili mfuko ujae! Kinachopandisha yote mawili ni bei ya tangawizi. Vivyo hivyo tumbaku huharibu fizi, na tumbaku hiyo hiyo huharibu moyo. Kisukari huharibu vyote viwili. Umaskini na umri navyo vimo humo. Ndiyo maana mwaka 2012 chama cha moyo cha Marekani, baada ya kupitia tafiti hizo, kilitamka kwamba uhusiano upo hata ukiondoa sababu hizo zinazojulikana, ila haijathibitika kwamba ugonjwa wa fizi ndio unaosababisha mshtuko wa moyo, wala kwamba kutibu fizi kunauzuia.

Na kuna fundisho la zamani. Mwaka 1891 Willoughby Miller, daktari wa meno Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, aliandika kwamba kinywa ni chimbuko la maambukizi ya mwili. Alikuwa na hoja. Lakini wapo waliolibeba wazo hilo kupita kiasi, na katika miongo iliyofuata watu wengi wa Ulaya na Marekani waling'olewa meno yote, mazima na mabovu, eti watibiwe viungo, tumbo, hata wazimu. Wengi walibaki vibogoyo na maradhi yao pale pale. Kwa hiyo akija mtu kijijini akiwaambia mng'oe meno ili moyo upone, mwambieni aende zake.

Tunachoweza kusema bila wasiwasi ni hivi. Kwa mwenye valvu mbovu au valvu ya bandia, kinywa kichafu ni hatari iliyothibitika. Kwa mwenye kisukari, fizi na sukari huchocheana: sukari ikipanda fizi huoza, fizi zikioza sukari inakuwa ngumu kushuka, na zikitibiwa vizuri sukari husaidika kidogo. Kwa sisi wengine, fizi zinazotoka damu ni taarifa ya tahadhari. Aliye nazo apimwe na shinikizo la damu, apimwe na sukari, kwa sababu mara nyingi maradhi haya hukaa nyumba moja.

Yasiyohitaji mchango

Mengi ya kufanya hayahitaji harambee. Tunayataja kwa haraka, ingawa watoto wetu wanayajua kuliko sisi.

Fizi zikitoka damu, watu wengi huacha kupiga mswaki sehemu ile wakidhani wanaiumiza. Ni kinyume. Damu hutoka kwa sababu ya utando wa uchafu uliokaa kwenye shina la jino. Pigeni mswaki laini mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa yenye floraidi, mkigusa pale jino linapokutana na ufizi. Fizi zilizoanza tu kuvimba hurudi katika hali yake. Zisiporudi baada ya wiki mbili hivi, mwone mtaalamu.

Mswaki wa mti, ule tunaoukata tambarare, nao unafaa, mradi ncha itafunwe hadi iwe laini na isafishe meno yote, ya nyuma na ya ndani, si yale ya kuchekea peke yake. Babu zetu hawakuwa wajinga.

Utando ukikaa muda mrefu hugeuka ugaga, mgumu kama saruji. Huo hautoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa chumvi. Unakwanguliwa na mtaalamu kwa vifaa vyake. Ukiachwa, ufizi huachana na jino, mfupa hupungua, na jino zima lisilo na tundu huanza kucheza. Mara nyingi haliumi, na hapo ndipo tunapodanganyika. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini maradhi haya yanajificha yenyewe.

Wazee wetu, shikamooni tena, na mtuwie radhi. Ugoro mnaouweka mdomoni na sigara mnazovuta zinaharibu fizi na moyo kwa pamoja. Hatuwezi kuwaamuru. Tunawaomba.

Mama zetu, mtoto akiumwa koo pamoja na homa, msimmalizie kwa maji ya chumvi nyumbani. Apelekwe kituo cha afya aangaliwe, na akipewa dawa azimalize zote. Huko ndiko hadithi ya kijana wetu ilikoanzia.

Na yeyote aliyewahi kuambiwa ana tatizo la valvu amwambie daktari wa meno kabla hajaguswa. Daktari ndiye ataamua kama anahitaji antibiotiki kwanza. Asijinunulie dukani.

Yanayohitaji mchango

Kituo cha afya cha kata yetu hakina huduma ya kinywa. Mwenye ugaga hana pa kwenda ila kushuka mlima, na nauli ya kwenda na kurudi ni fedha ya dawa. Wengi husubiri hadi jino litoke lenyewe. Mganga mfawidhi ametuonyesha chumba kilicho wazi, chenye mlango wake na dirisha kubwa. Makadirio yetu ni haya:

Kiti cha meno pamoja na pampu yake ya hewa: Sh 14,500,000
Mashine ya kuondolea ugaga na vifaa vya mkono: Sh 3,200,000
Mashine ya kuchemshia vifaa ili viwe salama: Sh 4,000,000
Kukarabati chumba, maji, tenki na umeme: Sh 3,500,000
Jumla: Sh 25,200,000

Wanachama hai waliomo kwenye daftari ni 420. Kila mmoja akitoa Sh 60,000, kazi imekwisha. Wapo watakaoshindwa, na wapo watakaoweza kumbebea mwenzao. Wenzetu wa nyumbani wameahidi mawe, mchanga na nguvu kazi kwa msaragambo, na kila wanachotoa kitathaminiwa na kuandikwa kama mchango, sawa na fedha yetu.

Najua swali linalokuja, maana sote tunalikumbuka lile jenereta letu linaloliwa na kutu kwa kukosa kipuri. Kwa hiyo tumeweka masharti. Kwanza, kiti hakitalipiwa hadi halmashauri ithibitishe kwa maandishi kwamba imempanga tabibu wa kinywa na meno katika kituo chetu. Pili, ukarabati na mashine ya kuchemshia vifaa vitatangulia, kwa sababu hivyo vitafaa kituo kizima hata tabibu akichelewa. Tatu, fedha zitakaa katika akaunti yake peke yake, zenye saini tatu, mojawapo ya mtu wa nyumbani, na taarifa itasomwa kila baada ya miezi mitatu. Shilingi ya kiti haitanunua soda ya kikao.

Tena tunaleta pendekezo la kubadili katiba. Katika makundi ya misaada liongezwe kundi la nne, "Tiba ya mapema". Mwanachama au mtegemezi wake aweze kupewa hadi Sh 100,000 kwa idhini ya viongozi watatu ndani ya siku saba, bila kusubiri kikao, akiwa na barua ya kituo cha afya. Tumepiga hesabu kwa kalamu ile ile ya siku zote. Fedha iliyokwenda kwenye msiba ule mmoja ingelipia maombi 26 ya namna hii.

Kuna watakaosema kwamba mila yetu ni kuzikana vizuri. Ni kweli, nasi hatutaki kuipunguza hata shilingi moja. Mtu wetu asizikwe na manispaa. Lakini sote tulioko hapa tunajua namna tulivyo wepesi mtu akishafariki, na namna tulivyo wazito angali akiuliza kwa barua. Hilo si suala la katiba peke yake. Ni letu.

Tumalizie pale tulipoanzia. Katika kitabu cha kumbukumbu za kamati, ajenda ya sita ya Machi bado imeandikwa "Liahirishwe". Hatujaikata wala kuibandika karatasi juu yake, na hatutafanya hivyo, kwa sababu kitabu hakifutwi. Baba wa kijana yuko nasi ukumbini leo. Alipotusikia tukilijadili jambo hili alisema neno moja tu, kwamba mwanawe aliandika barua ile kwa mkono wake kwa sababu aliamini tutaisoma.

Tumeisoma, mzee wetu. Tumechelewa. Tunaomba mkutano huu uliozihairisha fizi uzirudishe mezani, upige kura, kisha watunza daftari wapite katikati ya viti.